Nilivyoipima saa ya kuzamia kabla ya kutoa hela yote

Mi nafanya kazi kwenye vizimba vya sato upande wa Luchelele hapa Mwanza, kazi yenyewe ni kulisha, kukagua nyavu na kuzama mara kwa mara kuangalia kama kuna sehemu imetoboka au kuna samaki waliokufa wamelala kwenye kitako cha kizimba, na simu kule huendi nayo hata uifunge kwenye nailoni ngapi. Kwa hiyo saa ya mkono kwangu sio urembo. Nataka kujua kizimba hiki nimeanza kulisha lini na tumekaa majini muda gani, basi.

Kuna mtu atasema si ungechukua tu Casio ya betri, ile MDV-106 yenye samaki usoni, imeandikwa inahimili maji mpaka mita 200 na bei ya kawaida. Kweli kabisa, na kwa kutunza muda inazishinda hizi za otomatiki, zisizo na betri, mbali sana, yenyewe kwa mwezi mzima inapotea sekunde chache ambazo otomatiki inazipoteza kwa siku moja. Shida yangu ni betri. Ikiisha unampelekea fundi, anafungua mgongo, anabadilisha, anafunga, asante karibu tena, ile raba ya mviringo ya ndani haijapakwa girisi wala haijaangaliwa, na mashine ya kupima presha sijaiona kwa fundi yeyote ninayemjua huku. Kuanzia hapo ile 200 ni maandishi tu. Otomatiki inajitia ufunguo kwa mkono unavyocheza, kuna kipande cha chuma cha nusu duara ndani kinazunguka kinakaza springi, ukiivua inaendelea kutembea kama masaa 40 hivi, na mgongo haufunguliwi mpaka miaka ipite.

Bajeti yangu ilikuwa laki sita. Mjini nilipozunguka niliona zile zinazouzwa elfu thelathini zenye majina makubwa, zimeandikwa automatic kabisa, afu mshale wa sekunde unaruka tiki, tiki, mara moja kila sekunde. Hiyo ni betri. Otomatiki ya bei hizi zetu inapiga mara sita kwa sekunde, kwa hiyo mshale unateleza, na hilo unaliona ukiwa umesimama hapo hapo mezani bila kuuliza mtu.

Mwishoni nikampata jamaa anayeagiza vitu toka nje. Akanionyesha Seiko 5 Sports, hizi zilizoanza kutoka 2019, mashine yake 4R36, nzuri sana kwa macho ila ni mita 100 na nobu ya pembeni, ile ya kurekebishia saa, haikazwi, unaivuta tu inatoka. Sura ya kuzamia inayo, ila nobu ya hivyo mi siipeleki ziwani. Nikaulizia SKX007, Seiko ya zamani ya kuzamia, hizo zimeshaacha kutengenezwa na nzima zimekuwa ghali, na mashine yake ya 7S26 huwezi kuitia ufunguo kwa mkono, mpaka uitikise. Tukabaki na Orient Kamasu ya bluu, imetumika kidogo, laki nne na nusu. Mashine F6922, unaitia ufunguo kwa mkono, ukivuta nobu mshale wa sekunde unasimama, kioo ni safaya, kile kigumu kisichochunika ovyo, nobu inakazwa kama skrubu. Nikamwachia nusu ya hela nikamwambia kaka nipe siku chache niipime, isipofaa nakurudishia, akacheka ila akakubali.

Kitu kimoja hii Kamasu haina ile alama ya Diver's usoni, imeandikwa Water Resist 200m tu. Ile alama wanaiweka kwenye saa zilizopitia masharti yote ya ISO 6425, kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, yaani presha inayozidi iliyoandikwa kwa asilimia 25, sumaku, maji ya chumvi, kugongwa, kusomeka gizani ukiwa sentimita 25. Nilifikiria nikaona sawa tu. Ziwa letu hili pale penye kina kuliko pote ni mita 80 na kitu, chumvi hamna, na vizimba vyetu navyo havijafika huko. Namba ya mita ndo kitu cha mwisho kunitisha, kinachonitisha ni raba iliyochoka.

Na hapo ndo nikatumia kipimo ambacho kimo kwenye masharti hayo hayo. Saa inapashwa moto mpaka kama nyuzi 40 hadi 45, halafu unadondoshea kioo tone la maji ya kawaida, unasubiri dakika moja, unafuta. Kama ndani kuna unyevu, ukungu unajitokeza chini ya kioo pale pale lilipokaa tone. Mwanza mawe hatuna shida nayo, nikaiweka kwenye jiwe nyuma ya nyumba saa sita mchana, naigusa kila baada ya muda isije ikaungua, ilipokuwa ya moto kiasi cha mkono kuvumilia nikadondosha tone kwa kijiko. Jirani akaniuliza, "Baba Neema, sasa unaipika saa?" Nikamwambia subiri uone. Nikafuta, nikainamisha inamisha kwenye mwanga, kioo kisafi, hakuna hata kivuli. Nikarudia tone la pili karibu na upande wa nobu, safi. Hii haisemi saa itafika mita 200, inasema tu kwamba ndani ni kukavu, na kwa saa iliyotumika hilo ni kubwa. Baada ya hapo ikalala kwenye ndoo ya maji usiku mzima, asubuhi nikarudia jiwe, bado safi.

Ringi ya juu, ile inayozunguka kioo, nayo niliichunguza sana maana ndo nitakayoitumia. Unaelekeza kile kialama cha juu kwenye mshale wa dakika ukianza kazi, baadaye unasoma dakika zilizopita bila hesabu. Inazunguka upande mmoja tu, na kuna sababu: ikigongwa kwenye boti itakuonyesha umekaa majini zaidi ya ulivyokaa, kamwe sio pungufu. Ya Kamasu ina vituo 120 vya kubofya kwa mzunguko mzima, haichezi, kialama kimekaa sawa na saa sita. Ila ni nyembamba bana, vidole vikiwa na vumbi la chakula cha samaki na maji inateleza, nimezoea kuishika kwa vidole viwili pande zote mbili.

Mwanga wa gizani nilipigia tochi ya simu nikazima taa, mwanzoni inawaka vizuri, alfajiri bado nasoma mishale japo kwa kukodoa macho. Mwendo wake niliuangalia kwa kuilinganisha na simu kila asubuhi, ilikuwa inakimbia kama sekunde kumi kwa siku, kampuni yenyewe inaruhusu mpaka 25 mbele au 15 nyuma kwa hiyo sina ugomvi. Usiku nikiilaza kwa ubavu badala ya chali mwendo unabadilika kidogo, hizi mashine ndo zilivyo. Niliiweka mbali na spika kwa makusudi, sumaku inaiharibia mahesabu. Na tarehe usibadilishe kati ya saa tatu usiku na alfajiri, meno ya ndani yanakuwa yameshaanza kuisukuma yenyewe.

Nikamlipia jamaa iliyobaki.

Sasa hivi kila jumamosi naipiga mswaki kwenye ringi maana unga wa chakula unaingia chini yake ukichanganyika na ule ukijani wa ziwani unakuwa gundi, na nobu nahakikisha imekazwa kabla sijapanda boti. Mkanda wa chuma nimeuvua, ulikuwa unanasa kwenye nyavu, nimeweka wa raba wa milimita 22 ambao unapatikana kirahisi. Ukipata kama hii iliyotumika mdai muuzaji vile vipande vya mkanda alivyopunguza, wa kwangu vilikuwa vimeshapotea na mkono wangu ni mnene.