Hauzingi ya beringi ndani ya FreeCAD

Vijana wanaokuja karakana kuniuliza wajifunze programu gani ya kuchora vipuri huwa tayari wana jibu lao: SolidWorks. Ni nzuri, sibishi, ila leseni yake haiendani na mfuko wetu hapa Gerezani, Dar es Salaam. Mimi natumia FreeCAD. Ni ya bure kihalali, na ukishaiweka kwenye laptopu haikudai bando. Wanaguna. Basi nawapa beringi ya namba 6205 na venia ya kupimia: haya, nichoreeni hauzingi yake, yaani chuma kinachoishikilia beringi.

Hapo ndipo utamjua fundi. Kuna anayeshika mausi kabla hajapima chochote, na huyo nitahangaika naye. Beringi hiyo ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52, upana 15. Mengine yote yanafuata hapo.

Ukichora duara hivi hivi tu, bado linacheza kwa namna tatu: kitovu kinaweza kwenda kushoto na kulia, au juu na chini, na duara lenyewe linaweza kutanuka au kusinyaa. Kibane kitovu kwenye makutano ya mihimili ya X na Y, andika kipenyo, basi, linageuka kijani, yaani halichezi tena. Mchoro ambao haujawa kijani mimi siupeleki kwenye mashine ya kukereza, hata uwe unapendeza vipi.

Programu hii ilikuwa na kero moja ya miaka mingi. Nyuso za umbo huzipa namba: Face1, Face2, na kuendelea. Ukirudi nyuma kubadili kitu, namba zinapangwa upya, na tundu la bolti ulilotoboa juu unalikuta limehamia ubavuni. Toleo la 1.0, la Novemba 2024, limepunguza sana balaa hilo. Hata hivyo bado naegemeza michoro yangu kwenye bapa za mwanzo, XY na wenzake, ambazo hazihami, wala siiegemezi kwenye uso wa kitu. Ukaidi wa uzeeni, labda.

Utamu wenyewe uko kwenye jedwali lililo ndani ya programu. Unaandika vipimo humo, unavipa majina, mchoro unavisoma. Mwenye mashine ya kusaga akija na shafti nene anayetaka 6206, nabadili 25 iwe 30, 52 iwe 62, 15 iwe 16, na hauzingi inatanuka pamoja na matundu yake ya bolti kabla mteja hajamaliza kulalamikia bei.

Kitu ambacho jedwali halikupi ni mkao wa beringi, yaani ibane au ilegee kiasi gani ndani ya tundu. Kwenye kioo tundu ni 52 kamili. Kwenye chuma hakuna kamili. Mimi huandika 52 H7, yaani kuanzia 52.00 mpaka 52.03, isipungue hata kidogo. Hilo unaliandika mwenyewe kwenye TechDraw, sehemu ya FreeCAD ya kuandaa michoro ya karatasi, pembeni ya kipimo, kisha unachapa karatasi, maana laptopu haikai karibu na maji ya kupoozea.