Dakika ya kwanza baada ya pointi: kupima mapigo ya mchezaji wa raketi

Mchezaji wa tenisi akimaliza pointi, kanuni zinampa sekunde 25 kabla ya kuanza nyingine. Wakibadilishana upande anapata 90. Kwenye mpira wa vinyoya, anayeongoza akifika 11 ni mapumziko ya sekunde 60 tu. Ndiyo maana kocha wa raketi asitosheke kujua moyo unapanda hadi wapi. Ajue unashuka kiasi gani ndani ya dakika moja.

Dakika hiyo ina habari nyingi kwa sababu neva ya vagasi, breki ya moyo, ndiyo inayorudi kazini kwanza. Baadaye kushuka hutegemea zaidi adrenalini kupungua damuni na mwili kupoa.

Pasha mwili dakika 10. Kimbia kati ya mistari ya pembeni ya singo (mchezo wa mmoja kwa mmoja) kwenye uwanja wa tenisi, mita 8.23, kwa sekunde 40, pumzika 20, rudia mara 6, ya mwisho kwa nguvu zote. Simama, soma mapigo hapo hapo, keti, soma tena sekunde ya 60. Kama ni 182 kisha 150, umeshuka 32. Ukiketi leo, keti kila siku ya kipimo, maana ukilala chali mapigo hushuka haraka zaidi na namba hizo mbili hazilinganishiki.

Makosa mengi yako kwenye kusoma. Ukihesabu kwa vidole sekunde 10 na kuzidisha kwa 6, pigo moja ulilokosa linageuka 6. Saa ya mkononi nayo ukiivaa mkono wa raketi hudanganya: kila ukibana mpini, misuli na kifundo vinasogea na mwanga ambao saa hutumia kusoma mapigo unapotea. Hamishia mkono mwingine, au bora zaidi tumia mkanda wa kifuani, uloweshe kwa maji kwanza.

Hapa Dodoma, mapigo yakichelewa kushuka, watu hulaumu mwinuko. Kwa mkazi aliyezoea mita 1,100 na kitu, mimi ningeangalia jua na ukavu kwanza. Upepo hukausha jasho kabla hujaliona, damu inapungua ujazo, moyo unabaki juu. Jipime uzito kabla na baada: mwenye kilo 70 akipoteza kilo 1.4 ameshafika asilimia 2, na kipimo cha saa tisa alasiri hakifanani tena na cha saa moja asubuhi. Usingizi mbaya, homa na baadhi ya dawa za presha huvuruga pia.

Utafiti wa Cleveland, Marekani, uliochapishwa 1999, ulihesabu kushuka kwa mapigo 12 au pungufu katika dakika ya kwanza kuwa dalili ya hatari. Lakini hao walikuwa watu waliopelekwa kupimwa moyo, na walipoozea kwa kutembea taratibu, si kwa kuketi. Mlinganishe mchezaji na vipimo vyake mwenyewe. Akishuka pungufu ya kawaida yake siku kadhaa mfululizo, punguza mazoezi makali. Akiumwa kifua au kuzimia akiwa mazoezini, aende kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama namba zake ni nzuri.