"Si upo nyumbani tu": unesi wa kwenye simu hapa Houston

Jumanne iliyopita saa nne asubuhi jirani yangu, Mtanzania mwenzangu tunakaa naye jengo moja la apatimenti huku Alief, kanigongea mlango ana mtoto kiunoni na begi la pampasi begani. Mie ndani nina hedifoni kichwani, kwenye simu kuna mzee wa miaka 67 ananiambia kifua kinambana tangu alfajiri na mkono wa kushoto mzito, yeye anadhani ni maharage ya jana. Jirani anagonga, mzee anaongea, jirani anaita, "Mama Neema, we Mama Neema, si najua upo, gari lako hili hapa!" Sikufungua. Mzee nikamwambia akae chini, mlango wa mbele uachwe wazi, gari asiguse, 911, namba ya dharura ya huku, ipigwe sasa hivi, na nikasubiri mpaka nimemsikia mkewe anaongea nao kwa simu nyingine ndo nikakata. Nimemaliza kuandika ripoti natoka nje, jirani kashaondoka kanuna. Jioni akaniambia, kwani ulikuwa unafanya nini dada, si upo nyumbani tu.

Ningekuwa na kiwanda cha kanga hayo maneno ningeyachapa.

Naandika hii kwa sababu manesi wenzangu wabongo wengi wananitumia meseji, dada nitafutie na mie hiyo kazi ya kukaa nyumbani, nimechoka wodi. Nawaelewa kabisa. Mie nilianza kama wengi wetu, CNA, yaani msaidizi wa nesi, kuogesha wazee na kubadilisha mashuka, hilo ndo boksi letu sisi wanawake, nikasoma LVN, nesi wa ngazi ya chini, nikapanda RN, nesi kamili, mtihani wa leseni, NCLEX, nimeufanya mara mbili maana kila ngazi ina wake, alafu miaka saba wodini usiku. Zamu masaa kumi na mawili, saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi, ila hiyo saa moja ni ya kwenye karatasi, unakabidhi wagonjwa, unamalizia chati, unatoka saa mbili kasoro unaingia barabara ya I-10 na foleni ya watu wanaoenda kazini wewe ndo unarudi, macho yanajifunga. Siku moja mgonjwa mkubwa hasa kaanza kuteleza kitandani nikamdaka, nikasikia kitu kiunoni kama kamba imekatika. Wiki sita nilikuwa navaa viatu nimelala chali. Hapo ndo nikaanza kutafuta kazi ya kukaa.

Na nikiri, miezi mitatu ya mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu. Naamka, nachemsha chai ya tangawizi, hatua kumi na mbili nipo ofisini, nimevaa blauzi nzuri juu na kanga chini. Mafuta ya gari najaza mara moja kwa wiki mbili. Neema anatoka shule ananikuta nipo, miaka yote saba ile alikuwa ananikuta nimelala kama maiti anaambiwa nyamaza mama kalala. Mgongo ukapona. Chakula nakula cha moto, na haja ndogo naenda nikitaka (nesi wa wodini anaelewa hii ni utajiri gani).

Kwa asiyejua kazi yenyewe, unesi wa nyumbani uko wa namna nyingi. Kuna wanaofuatilia wagonjwa wa sukari na presha kwa simu kila wiki, kuna wanaokaa na mafaili ya bima. Mie niko kwenye simu za kupima hali, mtu anaumwa anapiga namba ya kliniki yake usiku au mchana, anaangukia kwangu, mimi namuuliza maswali kwa kufuata mwongozo, tunatumia ule wa Schmitt na Thompson ambao wengi wa kazi hii wanautumia, wa watoto na wa watu wazima, alafu naamua: piga 911, nenda emajensi sasa hivi, muone daktari ndani ya masaa manne, kesho, au kaa nyumbani kunywa maji. Ndo hiyo tu. Inasikika nyepesi eh?

Wodini ukiingia chumbani kabla mgonjwa hajafungua mdomo ushajua nusu ya habari. Rangi ya midomo, anavyokaa, jasho, harufu, unamshika mkono una baridi. Huku una sikio tu. Ndo maana mtu akinipigia "mume wangu anaumwa" namwambia nipe mwenyewe niongee naye, sio kwamba simwamini mke, nataka nisikie kama huyo mume anamaliza sentensi bila kukata pumzi. Mtoto namwambia mama sogeza simu karibu na mdomo wake, nakaa kimya nasikiliza anavyovuta. Unafanya hivyo mara arobaini kwa siku na kila simu ina saa inahesabu pembeni ya skrini, dakika ngapi umeongea, dakika ngapi umeandika, dakika ngapi umekaa bila simu, ukienda chooni inaandika umeenda. Uchovu wa wodi unakaa miguuni, unaweka miguu kwenye maji ya chumvi unalala. Huu wa simu unakaa kichwani saa tisa usiku unakuamsha, yule kijana wa tumbo, nilimuuliza kama maumivu yamehama upande wa kulia? Nilimuuliza. Nadhani nilimuuliza.

Kuna simu moja sijaisahau. Houston ina wakimbizi wengi wa Kongo, na hii ilikuwa mama wa Kikongo, mtoto miezi mitano anakohoa. Kazini kwetu kama hujafanyiwa mtihani wa lugha ukapitishwa huruhusiwi kumhudumia mgonjwa kwa lugha hiyo, hata kama ndo lugha uliyonyonyea, lazima mkalimani. Kwa hiyo tuko watatu, mama anaongea Kiswahili, mie namuelewa vizuri tu, lakini nakaa kimya nasubiri mkalimani anigeuzie kwa Kiingereza. Mama akasema mtoto anavuta pumzi na mbavu. Mkalimani akageuza: anapumua haraka. Jamani! Kupumua haraka ni kitu kimoja, mbavu kuingia ndani mtoto akivuta hewa ni kitu kingine kabisa, hicho ni cha kukimbia. Nikamwambia mkalimani, muulize ngozi kati ya mbavu inazama akivuta? Akauliza. Ndiyo, inazama. Tukaita gari la wagonjwa. Wakati tunasubiri mama analia, nikavunja sheria, nikasema kwa Kiswahili, pole mama, wanakuja, mshike hivyohivyo amekaa wima. Kimya. Alafu akaniuliza, "Weye uko wa kwetu?" Simu zote zinarekodiwa, hakuna aliyewahi kunigusia, na mtoto yule sikuwahi kujua iliishaje. Hilo nalo ni la kazi hii, wodini unaona mwisho, huku mtu anakata simu anapotea moja kwa moja.

Pesa sasa, maana najua ndo mnasubiri. Wodini nilikuwa na dola 41 kwa saa, juu yake nyongeza ya usiku na ya wikiendi, na ovataimu ukitaka ipo tu. Huku nimeshuka dola 36, nyongeza karibu hamna. Mafuta na chakula cha njiani vimerudisha kidogo lakini tusidanganyane, hela ya kutuma nyumbani ilipungua na watu Bongo waliisikia kabla sijawaambia. Umeme ni wangu, na kiyoyozi Houston mwezi wa nane hakizimwi. Nilidhani nitakata gharama za chumba ninachofanyia kazi kwenye kodi ya mapato, dada mmoja anayetujazia fomu za kodi akanicheka, mwajiriwa hakati ofisi ya nyumbani kwenye kodi ya shirikisho tangu 2018, hiyo ni ya waliojiajiri.

Alafu kimbunga. Julai 8, 2024, Beryl alipopita, zaidi ya wateja milioni 2 eneo hili wakakosa umeme, na sisi tulikaa siku sita. Wenzangu wa hospitali walienda kazini, kule kuna jenereta, wanalipwa, wanakula, wanaoga. Mie nesi wa nyumbani nyumba haina umeme kwa hiyo sina kazi. Siwezi kwenda kukaa mgahawani na laptopu, siri za wagonjwa ni sheria, HIPAA, mkataba unasema chumba chenye mlango wa kufungwa na intaneti ya waya sio waifai ya bure. Siku zote zile zikakatwa kwenye likizo yangu niliyokuwa naitunza niende nyumbani Desemba.

Na hapo kwenye kwenda nyumbani ndo kuna ile ndoto kubwa ya wabongo, kwamba ukipata kazi ya laptopu unahamia zako Tanga, unakula dola unalipa kwa shilingi. Msahau. Mwaka jana mama alilazwa, nikaomba nikakae naye mwezi mmoja huku nafanya kazi usiku wa kule, nikahesabu tofauti ya masaa nane nikaona inawezekana kabisa. Jibu likawa hapana, taarifa za wagonjwa hazitoki nje ya Marekani, mfumo ukiona upo nchi nyingine unajifunga wenyewe. Waajiri wengi wa kazi hizi wako hivyo. Nikaenda kwa likizo bila malipo.

Hata ndani ya Marekani mipaka ipo. Leseni ya Texas iko kwenye ule mkataba wa majimbo kwa hiyo inanifikisha majimbo mengi, lakini California na New York hazimo, na kinachohesabiwa ni alipo mgonjwa sio nilipo mimi. Bibi wa hapahapa Houston kaenda kumsalimia binti yake Los Angeles akinipigia kule kaumwa siwezi kumpa ushauri wa kawaida, labda ya hatari nimwambie apige 911. Ndo maana swali langu la kwanza baada ya jina ni uko wapi sasa hivi. Watu wanakasirika wanadhani nawapeleleza.

Rafiki yangu mmoja yeye yuko upande wa bima, hana simu nyingi, anasoma faili za waliolazwa anazilinganisha na miongozo ya vigezo vya kulazwa kama InterQual au MCG, siku hii ya hospitali inalipiwa au la. Yeye mwenyewe hakatai, ikishindwa vigezo anaipeleka kwa daktari wa kampuni na daktari ndo anakataa. Analipwa kunizidi. Lakini ananiambia kuna faili anazijua zitakataliwa kabla hajabonyeza, na miaka tisa alikuwa upande wa pili akimbeba huyohuyo mgonjwa. Mie nikamwambia bora kelele zangu.

Kwa walio wapya, mmemaliza NCLEX juzi mnataka kuanzia nyumbani, waajiri wengi wanataka uwe na miaka miwili mitatu ya wodi na wana sababu, sikio halijifundishi lenyewe, mie nasikia pumzi mbaya kwenye simu kwa sababu nilishaiona kwa macho mara mia. Na ukikuta kazi ya nesi nyumbani haitaki uzoefu, usaili ni kwa kuchati tu Telegram, alafu wanakutumia cheki ukanunulie kompyuta, kimbia. Cheki itarudi benki na hela uliyowatumia haitarudi.

Mie nimeamua hivi, wiki niko kwenye simu na Jumamosi mbili za mwezi naenda wodini. Mara ya kwanza kurudi nilishindwa kupata mshipa wa mgonjwa mara mbili, mie niliyekuwa naitwa vyumba vya wenzangu kutafuta mishipa, kijana niliyemfundisha mwenyewe akaja akaupata. Niliumia. Sasa mkono unarudi taratibu.

Jirani nimemuomba radhi, nikapika na maandazi. Alafu nikabandika karatasi mlangoni, Kiswahili juu Kiingereza chini: NIKO KAZINI MPAKA SAA KUMI NA MOJA, USIGONGE. Alhamisi saa nane mchana ngo ngo ngo. Nilikuwa kwenye mapumziko, nikafungua, nikamwonyesha karatasi kwa kidole.

"Nimeiona dada," akasema anaingia, "nikajua ni ya wale wa vifurushi."