Teresa wa Avila kwa Chaki Nyekundu

Kutoka stesheni ya Termini, Roma, hadi kanisa la Santa Maria della Vittoria ni mwendo mfupi wa miguu, lakini dereva wa teksi alinizungusha mjini akanitoza yuro 25. Kufika, milango imefungwa kwa mapumziko ya mchana. Jua la Julai kali, na chupa ya maji bei yake ya kuumiza.

Alasiri kanisa lilipofunguliwa nikaenda moja kwa moja upande wa kushoto, penye sanamu ya Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Kihispania, aliyoichonga Mwitaliano Bernini, kazi iliyokamilika mwaka 1652. Kundi la watalii lilinitangulia. Kiongozi wao akanong'ona jambo kuhusu uso wa mtakatifu, wakaangua kicheko. Kiliniuma. Mama yangu ni Teresia.

Kwenye benchi aliketi mtawa, daftari magotini, akichora huku akiimba taratibu wimbo wa kanisani kwa Kiswahili.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina!" Akageuka, macho yamemtoka. Mtu wa Bukavu, yuko Roma masomoni.

Nikaketi kando yake mpaka jioni. Chaki yake si ya ubaoni. Ni kipande cha udongo mwekundu wenye chuma. Kope alizichora kwa mstari mmoja mzito, kisha akaipangusa chaki chini yake kwa ncha ya kidole, kivuli kikatokea. Paji la uso akaliacha karatasi tupu. Midomo ni mistari miwili isiyokutana.

"Bernini naye alianza hivi hivi, kwa chaki," akasema. Baadhi ya michoro yake ya maandalizi ipo Leipzig, Ujerumani. "Hawa wanaocheka hawajasoma alichoandika Teresa mwenyewe, kaka yangu."

Akanisimulia: malaika, mkuki mrefu wa dhahabu wenye moto kwenye ncha, moyo unachomwa tena na tena. Teresa anaugulia kwa maumivu, na bado hataki yaishe.

Siku zangu nyingine za Roma sina la kuzisimulia. Parokiani kwetu sikukuu ya Teresa, tarehe 15 Oktoba, tunaiadhimisha kwa misa na pilau, na picha yake ukutani imeshika kitabu na kalamu. Habari za mkuki sikuwahi kuzisikia kwa katekista yeyote. Mama ana miaka sabini na kitu, amebeba jina hilo tangu ubatizo. Yeye ndiye wa kwanza nitakayemweleza.