Siku moshi ulipogeuka dohanini

Juzi nimekaa kwa jirani, tunaongea mambo yetu, akawasha kijiti cha udi. Moshi ukapanda wima, ukafika usawa wa meza, ghafla ukalala upande wa kushoto. Kuanzia hapo sikusikia tena alichokuwa anasema. Nilibaki natafuta hewa inaingilia wapi: chini ya mlango, au pale bomba la sinki linapotoboa ukuta? Nimekuwa hivi tangu ile siku nyumba yetu ilipopimwa inavuja hewa kiasi gani.

Ujenzi ulikuwa awamu ya katikati, madirisha yameshafungwa, plasta bado. Mama alikuwa ameshahamia kwetu, na fundi bomba alikuwa bado yule wa kwanza. Mambo makubwa tulikuwa tumeshayaamua, mengine kwa amani, mengine kwa kununiana. Bafu na jiko viligeuziana migongo, ukuta mmoja katikati, ili bomba la maji ya moto liwe fupi. Hili nililipigania sana. Bomba la plastiki la milimita 25 lenye urefu wa mita 15 linabeba lita tatu au zaidi za maji, na lita hizo hupoa humo humo kila ukifunga bomba. Ukirudi kunawa, unazimwaga kwanza ndipo uyaone ya moto. Unalipa kuyapasha, unalipa kuyamwaga. Mabomba yalijaribiwa kwa presha ya bar 10 usiku kucha na mshale haukushuka kwa maana. Sakafuni tulikubaliana kuzungusha maji ya nyuzi 35, yapashwe na pampu ya joto, mashine inayokusanya joto la nje na kulileta ndani, badala ya kuweka redieta, zile za kupasha chumba ukutani, ambazo mara nyingi hudai nyuzi 60 na zaidi.

Lililobaki ni ukubwa wa pampu yenyewe. Muuzaji alitaka tuchukue kubwa, "msije mkasikia baridi." Mume wangu akakataa. Msimamo wake, ambao mpaka leo naona ulikuwa sahihi, ni kwamba huwezi kujua nyumba inahitaji joto kiasi gani kabla hujajua inavuja hewa kiasi gani. Ziba, pima, ndipo ununue. Akamwita mtu wa vipimo.

Mpimaji alikuja na feni kubwa ndani ya turubai, akalibana kwenye fremu ya mlango wa mbele. Feni inavuta hewa ya ndani na kuitupa nje, mpaka tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje ifike pascal 50. Ni kama nyumba nzima inapigwa na upepo wa kilomita 30 na kitu kwa saa kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Hapo hewa ya nje inajipenyeza kwenye kila ufa, na feni inahesabu inapita kiasi gani. Zile nyumba zinazotumia joto kidogo mno, ziitwazo passive house, za aina iliyojengwa mara ya kwanza Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, hazitakiwi kubadilisha hewa yake yote zaidi ya mara 0.6 kwa saa katika hali hiyo. Sisi tulikuwa tunataka isizidi mara moja na nusu. Ikasoma mara tatu na zaidi.

Akatugawia vijiti vya udi, kila mmoja na chumba chake. Pitisha taratibu, akasema, moshi ukikimbia ukuta, hapo pana tundu.

Madirisha yalikuwa salama kabisa, na ndiyo tuliyokuwa tunayaogopa. Hewa ilikuwa inaingilia kwenye mabomba. Nilipiga magoti nyuma ya mahali beseni la kuogea lilipopangiwa kukaa. Bomba la maji taka lilikuwa linapita kwenye tundu la kutosha mkono wangu mpaka kiwiko, limezungushiwa kipande cha gunia la saruji kilichokunjwa. Upepo ulikuwa unatoka pale kwa nguvu mpaka vumbi la sakafuni linahama. Beseni lingekuja juu yake, vigae vingefuata, na sisi tungeishi miaka na ubaridi ule miguuni bila kujua unatoka wapi. Ubaya si baridi peke yake. Ile hewa ya ndani yenye unyevu wa kupika na kuoga hupita kwenye matundu kama yale ikitoka, inakutana na sehemu baridi ndani ya ukuta, inageuka maji, na mbao zinaoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Kwenye choo cha wageni hewa ilitoka na harufu. Ile kona ya bomba chini ya sinki, inayobaki na maji ili harufu ya maji taka isirudi, haikuwa imejazwa maji bado. Kopo moja la maji likamaliza kazi. Fundi bomba aliitwa aone kila tundu kwa macho yake. Hakusema mengi. Alirudi na mipira ya kuvalisha mabomba, utepe wa kuziba hewa na povu, na ikabidi tukubaliane kwamba povu peke yake halitoshi kwa sababu likikauka na nyumba ikitulia hupasuka pembeni.

Mpimaji alikuwa ameanza kukunja turubai Mama aliposema, "Na kule sebuleni hamkupima."

Kule sebuleni ni meko. Yale meko yalikuwa ya Mama. Katika michoro yote, pale tulipobishana juu ya kila kitu, meko ya wazi yenye dohani hayakuguswa, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokiomba. Watu wakae, moto uwepo, kuni zilie. Basi.

"Pale nimeziba dohani kwa puto, mama," mpimaji akamjibu kwa adabu. "Dohani si tundu la kuvuja, imewekwa kwa makusudi."

"Siku nikiwasha moto, hilo puto litakuwepo?"

Yule bwana akanyamaza kidogo. Nadhani alianza kumwangalia Mama kwa namna nyingine. Akalitoa puto, akamwomba fundi umeme aunganishe kwa muda feni ya jikoni, ile ya kunyonya mvuke na harufu juu ya jiko. Akasema tufunge milango na madirisha yote, kama usiku wa baridi. Feni kubwa haipo, ni feni ya jikoni tu, ambayo ingewashwa kila tukipika.

Mama akawasha kijiti mwenyewe. Akainama, mkono mmoja kwenye ukuta, akakishika mdomoni mwa meko.

Mwanzoni moshi ulipanda vizuri, uzi mwembamba wa buluu unaingia kwenye giza la dohani, na Mama akatutazama kana kwamba anasema mnaona. Feni ya jikoni ikashika kasi. Ule uzi ukaanza kutetemeka, ukasimama, nikaona umefanya fundo pale juu, nusu ndani nusu nje, haupandi wala haushuki. Hakuna aliyeongea. Kisha fundo likafunguka kuelekea kwetu. Moshi wote ukapinda, ukashuka chini ya ukingo wa meko, ukampita Mama usoni, ukaingia sebuleni. Majivu mepesi ya kile kijiti yalidondokea upande wetu. Niliweka kiganja mdomoni mwa meko nikahisi hewa ya baridi inashuka kutoka juu ya paa.

Mama hakukiondoa kijiti haraka. Alikishika palepale, kama mtu anayempa mwingine nafasi ya kubadili neno lake.

Maelezo ya mpimaji yalikuwa mafupi. Feni ya jikoni inatupa hewa nje, na hewa hiyo lazima irudi kutoka mahali fulani. Kwenye nyumba yenye nyufa inarudi kwenye nyufa. Kadiri tutakavyoziba, na tulikuwa tunaziba, ndivyo dohani itakavyobaki kuwa njia rahisi kuliko zote, na dohani baridi haina nguvu ya kujitetea. Pascal chache tu zinatosha kuigeuza. Siku ile ilikuwa moshi wa udi. Siku ya siku ingekuwa makaa yanayofifia usiku, yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu hulala nayo wakadhani ni uchovu.

Mume wangu akasema dohani izibwe. Mimi nilisema tungoje. Nilikuwa namwona Mama anapangusa mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole.

"Zibeni," akasema yeye mwenyewe. "Nyumba ina watoto."

Mengine yalikwenda haraka. Matundu ya mabomba yalivalishwa mipira, kipimo cha pili kikasoma chini ya moja na nusu, na pampu ya joto tukanunua ndogo kuliko ile ya muuzaji, na haijawahi kutushinda. Tuliweka mashine ya kubadilisha hewa, inayochukua joto la hewa inayotoka na kulihamishia kwenye hewa inayoingia, kwa sababu nyumba ukishaiziba huwezi kuiachia ipumue kwa bahati. Kwenye nafasi ya meko tukaweka stovu ya kuni yenye mlango wa kioo uliobana na bomba lake lenyewe la kuvuta hewa kutoka nje, isiguse hewa tunayovuta sisi. Dohani ikavalishwa bomba la chuma ndani, la moshi wa stovu tu. Na king'ora cha kaboni monoksaidi kipo ukutani. Hicho ningemwambia yeyote mwenye kitu kinachowaka ndani akiweke, hata kama hasomi neno jingine katika haya.

Stovu inawaka vizuri. Mama huikalia jioni. Siku za mwanzo nilimuuliza anaionaje, akaniambia, "Moto nauona, mwanangu, ila hauongei." Kioo kinazuia sauti. Hakulirudia tena, na mimi neno lile halijanitoka.

Baadaye nilimtafuta mpimaji kwa simu, nikamuuliza kama ipo namna ya kuwa na meko ya wazi kwenye nyumba iliyozibwa. Akasema ipo. Kuna swichi zinazozuia feni ya jikoni kuwaka mpaka dirisha lifunguliwe, na meko yanaweza kuletewa hewa yake. Lakini meko ya wazi huvuta kwa saa moja hewa nyingi kuliko ujazo wa chumba chenyewe, akaniambia, na joto lote mlilolipigania litapanda na dohani. Nikamshukuru. Maelezo yake niliyaandika nyuma ya ramani ya mabomba, na bado ninayo. Mume wangu anaona jambo lilishaisha siku ile, Mama mwenyewe kaamua. Mimi sina hakika kama aliamua au alitupunguzia mzigo, na sijapata namna ya kumuuliza bila kumfanya anijibu vilevile tena.