Picha Zote Zilikuwa za Upande wa Kulia

"Tuma na ya kutolea, kaka." Biashara yetu ilianzia hapo. Kijana wa Mikindani, huko Mtwara, alikuwa anauza baiskeli ya mbio, Giant ya alumini, saizi M, foki ya kaboni, vifaa vyote vya toleo la Shimano 105, gia 11 nyuma, kwa 650,000. Dar kwa hela hiyo utapewa fremu tupu iliyopauka na maneno mengi. Nikatuma 150,000 ya kushikia mzigo, na ya kutolea juu, kisha nikakaa siku mbili najiuliza kama nimeibiwa. Wenzangu tunaoendesha nao Jumamosi alfajiri kuelekea Bagamoyo walinijibu kabla sijawauliza: umeibiwa.

Picha zilikuwa sita, safi kabisa. Zote za upande wa kulia, upande wa mnyororo. Hilo halikunishtua hata kidogo, maana ndivyo baiskeli ya mbio inavyopigwa picha duniani kote: kulia, mnyororo umekaa kwenye sproketi kubwa, pedeli imenyooka mbele. Ukipiga kushoto watu wanakucheka, wanajua umeingia juzi. Nilimwona yule kijana ni mtu anayejua mambo.

Nikapanga kwenda Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025, nirudi Jumatatu. Nilishakata tiketi ndipo nikakumbuka kuwa Jumapili ile ndiyo mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia za wanaume, Kigali. Mashindano hayo yapo tangu miaka ya 1920 na hayakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja, sasa yamekuja jirani kabisa na mimi naelekea upande mwingine wa ramani kufuata mtumba. Nikajifariji kwamba simu ninayo.

Safari ya kwenda haina mengi. Nauli 35,000, basi limeandikwa laksheri ubavuni, kiti changu kimegoma kulala na cha mbele yangu kimegoma kusimama. Ubaridi wa kiyoyozi uliishia Kibiti. Daraja la Mkapa nililipita usingizini. Somanga niliamshwa na jirani aliyetaka kunionyesha mahali barabara ilipokatika kwa mvua za mwaka 2024, magari yakalala siku kadhaa pande zote mbili, na akanieleza alivyokula biskuti siku mbili na jinsi maji ya chupa yalivyopanda bei. Baada ya hapo ni mikorosho, halafu bahari ya Lindi, halafu mikorosho tena.

Mikindani ipo njiani, kabla ya Mtwara. Nikamwambia konda anishushe. Akasema hapa hatusimami, wakati basi lilikuwa limesimama, anateremsha mama mmoja na ndoo zake. Nikapelekwa hadi stendi ya Mtwara mjini, kama kilomita kumi mbele, nikachukua gesti ya 30,000. Feni ilikuwa inazunguka kwa heshima tu, upepo haukufika kitandani. Asubuhi nikaambiwa chai ipo ndani ya bei. Chai ilikuwepo. Chapati ilikuwepo moja. Yai, dada akasema, yai ni la kulipia.

Jumapili saa mbili na nusu nikashuka kwenye daladala Mikindani, pale ghuba inapojikunja na nyumba za mawe za zamani zinapoangaliana na mibuyu. Nilikuwa nimekwenda na utepe wa kupimia, bisibisi ndogo na hasira ya akiba endapo nimetapeliwa. Kijana alinipokea kwa tabasamu, hana hata miaka ishirini na mbili. Mama yake akaniwekea sahani ya ming'oko, mizizi ya porini ya huku Kusini, iliyochemshwa na chumvi. "Karibu baba, kula kwanza, baiskeli haikimbii." Mtu wa Shinyanga kama mimi ming'oko naisikia kwa majina tu. Ni myembamba, ina utamu wa mbali, unaimenya kwa vidole. Nikala sahani nzima, hasira ikapungua bila idhini yangu.

Baiskeli ikatolewa ndani imefunikwa kitenge. Nikaanza na mnyororo: pingili 24 zinatakiwa ziwe inchi 12 barabara, zikizidi hata sehemu ya kumi na sita ya inchi ujue mnyororo unaelekea kuchoka na utakula sproketi. Zilikuwa 12 barabara. Nikagonga foki kwa sarafu kutoka juu hadi chini nikisikiliza kama pana sauti ya ubao uliooza. Hapana. Rimu zinazunguka bila kuyumba. Nikaanza kuona aibu kwa yote niliyomfikiria kijana wa watu. Ndipo nikazunguka upande wa kushoto.

Mkono wa pedeli wa kushoto, ule wa 105 wenye rangi ya kijivu inayong'aa, ulikuwa umetobolewa karibu na ncha, na ndani ya tundu imepita pini ya chuma yenye nati upande wa pili. Kotapini! Ile ile inayoshika mikono ya pedeli kwenye baiskeli za kizamani za Phoenix, ila huku imeshika ekseli ya pedeli. Pedeli yenyewe ni ya plastiki, ya baiskeli ya mtoto, ina viakisi vya rangi ya chungwa. Kulikuwa na grisi nyeusi imefutwa vizuri pembeni, na jeraha la tupa limepigwa msasa mpaka likalainika. Aliyeifanya kazi ile hakuwa na haraka.

"Hii nini?"

"Ni pedeli, kaka."

"Naona ni pedeli. Hii pini?"

Akatazama bahari. Halafu akanieleza, na nampa sifa kwamba hakuzunguka. Baiskeli aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa na mkataba kwenye mambo ya gesi, mkataba ukaisha akaondoka. Ilikuwa na zile pedeli ndogo za kunasa kiatu maalumu, naye kiatu hana, hivyo akataka kuzitoa aweke za kawaida. Ya kulia ilifunguka. Ya kushoto akaizungusha vilevile kama ya kulia. Ikagoma. Akaazima bomba la maji, akaliingiza kwenye spana ili lipate urefu, akaning'inia.

Asichokijua ni kwamba pedeli ya kushoto ina nyuzi zinazofunga kinyume, ili isijifungue yenyewe unapokanyaga. Kumbe alikuwa anakaza. Alumini ni laini, chuma ni chuma, nyuzi zote zikatoka kama nazi iliyopita kwenye mbuzi.

"Na picha ukapiga za kulia tu."

"Si ndivyo mnavyopiga, kaka?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia anipeleke kwa huyo aliyeweka pini.

Fundi ni mzee, anafanyia kazi chini ya mwembe nyuma ya barabara kubwa, ana sanduku la mbao, pampu ya mguu na beseni la maji ya kutafutia pancha. Nikaamkia, akaitikia, na alipoiona baiskeli akajua nimefuata nini. "Wewe ndiye mnunuzi. Kaa." Akanipa kigoda chake mwenyewe, akakaa juu ya tairi.

Nikamwambia kwa adabu zote niwezazo kwamba mkono ule unauzwa ghali na haukupaswa kutobolewa. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Mwanangu, nyuzi zilikuwa zimebaki?" Hazikubaki. "Kushoto kunafunga kinyume, hata Phoenix ni hivyo, nani asiyejua? Huyu ndiye hakujua." Kijana akainamisha kichwa. "Kaja hapa analia. Chuma cha pedeli nikakipiga tupa upande mmoja kiwe bapa, nikatoboa kwa drili ya mkono, siku nzima ile, nikapitisha pini ikae juu ya ule ubapa. Ekseli haizunguki tena wala haichomoki. Panda ujaribu. Ikigonga, nirudie."

Hapo kwenye kugonga ndipo aliponipata. Baba yangu alikuwa na Phoenix iliyobeba pamba, iliyobeba mama akiwa na uchungu wa mdogo wangu, iliyonibeba mimi juu ya mwamba hadi sehemu fulani za mwili zikafa ganzi. Kotapini ikilegea, baiskeli inagonga mara moja kila mzunguko: ko, ko, ko. Usiku tukiwa kitandani tulijua baba anarudi kwa mlio huo, na tulijua pia hana hela ya pini mpya. Akipata pini alikuwa anaweka kipande cha gogo chini ya mkono wa pedeli ili asiumize gololi, anaigonga na nyundo taratibu, mimi nashika taa. Miaka mingi baadaye nimehamia Tabata, nina kofia, nina kaptula ya sponji, najua majina ya milima ya Ufaransa kuliko vilima vya Kishapu, na sijawahi hata mara moja kurekebisha kitu kwenye baiskeli yangu bila kwanza kukinunua kipya.

Nikapanda. Nikapandisha kamlima kale ka kutokea Mikindani kuelekea mjini, nimesimama juu ya pedeli, nimeiminya kwa nguvu zote. Kimya. Nikarudi nikapanda tena, nikiwa nataka kabisa igonge ili nipate la kusema. Kimya.

Mbio za Kigali zilikuwa zimeshaanza, hivyo simu tukaiegemeza kwenye sanduku la mzee. Kilomita 267.5. Nikawaeleza kwamba ni kama kutoka Mtwara kwenda Lindi, kurudi, halafu kuondoka tena hadi nusu ya njia, na siku nzima hiyo ni kupanda na kushuka vilima. Mzee hakuamini sehemu moja tu ya habari hiyo. "Kigali? Kigali hii ya Rwanda?" Akasogea karibu na kioo. Watoto wakajaa mgongoni. Kijana akataka kujua kama yumo "yule Mweritrea", akimaanisha Biniam Girmay, aliyeshinda mbio za siku tatu tofauti na kutwaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, kwenye Tour de France ya 2024. Kumbe alikuwa anafuatilia muda wote huo, kwa bando la kuunga unga.

Tadej Pogačar wa Slovenia, bingwa mtetezi, aliondoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya mia moja. Wawili wakang'ang'ana naye, wakaachia mmoja baada ya mwingine, za mwisho 66 hivi akazimaliza peke yake. Lakini mwembe mzima ulikuwa kwa Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Huyu wiki moja kabla alishinda mbio za kila mtu peke yake dhidi ya saa na kumpita Pogačar palepale barabarani. Sasa siti ilikuwa imemkosea. Akawa anapunga mkono kwa gari, akashuka, akapewa baiskeli nyingine. Hiyo nayo hakuridhika, akasimama tena akibadilisha, uso umewaka.

"Ile ya kwanza imevunjika?" mzee akauliza.

"Hapana mzee, siti haijakaa vizuri."

Mzee akanitazama, akaitazama pini yake, akanitazama tena. Hakusema kitu. Watoto ndio waliocheka.

Bando liliisha, nikaongeza la 2,000, nalo likaishia kilomita chache kabla ya mwisho. Matokeo tuliyapata kwa ujumbe wa maandishi kutoka Dar. Pogačar wa kwanza, Evenepoel wa pili baada ya yote yale, Ben Healy wa Ireland wa tatu. Waliomaliza wote ni 30 tu.

Bei tukaijadili jioni, mama akiwepo. Nilisema 400,000 jumla. Kijana akasema 550,000. Mzee fundi, ambaye hakuna aliyemwalika, akasema 450,000 na kwamba giza linaingia. Nikatoa 300,000 iliyobaki. Kati ya hizo kijana akampa mzee noti mbili za elfu kumi mbele yangu, deni la pini, lilikuwa halijalipwa.

Jumatatu stendi ya Mtwara niliambiwa baiskeli ni mzigo mkubwa, 40,000. Yaani imelipa kuliko mimi, na haina hata kiti kibovu cha kulalamikia. Nikashusha magurudumu, nikaifunga kwa kanga na maboksi, mpakizi akailaza buti chini ya viroba vya korosho na kapu la samaki wakavu. Nilisimama kila basi lilipoegesha, Lindi, Nangurukuru, Kibiti, nikichungulia kama mtu aliyepakia mgonjwa. Ilifika nzima. Wiki ya pili sasa bado inanuka papa, na Jumamosi wenzangu hawataki kukaa nyuma yangu.

Kila mmoja wao ameshapiga picha ya pini. Kutoka upande wa kushoto.

Nimeshapata muuzaji wa Moshi mwenye mkono wa kushoto wa 105, milimita 172.5, 60,000 na ya kutolea. Ametuma picha moja. Nikamwomba anipigie na upande wa pili, nione nyuzi.

"Kaka, huo ndio mkono wa kushoto wenyewe," amenijibu. "Unataka upande gani tena?"

Sijatuma hela. Jana nimetoka nayo hadi Bunju na kurudi. Haigongi.