Mikono miwili ya Marion Bartoli

Mchezaji wa tenisi anayesubiri kupokea sevu, pigo la kuanzisha pointi, kwa kawaida husimama nyuma ya mstari wa mwisho, hatua moja au mbili, apate muda wa kuusoma mpira. Marion Bartoli wa Ufaransa hakuwa na habari na huko nyuma. Alijisogeza ndani ya uwanja, na sevu ya pili ikija alisogea zaidi, huku akirukaruka kama mtu aliyekanyaga mchanga wa saa saba mchana. Mpira ukidunda tu, kabla haujapanda, ameshaupiga. Mikono yote miwili iko kwenye mpini, uje kulia, uje kushoto.

Nafundisha watoto tenisi, na karibu kila nilichofundishwa mimi kuhusu mchezo huu kinasema usicheze hivyo. Fohendi, pigo la upande wa mkono wako wenye nguvu, ipigwe kwa mkono mmoja. Sevu ukishaipata usiichezee. Yeye aliibadilisha kila alipojisikia. Kati ya pointi na pointi tulia, pumua. Yeye aliugeuzia mgongo uwanja, akapiga hewa kwa raketi mara mbili tatu, akaruka, akakunja ngumi, ndipo akarudi mchezoni. Na huyo ndiye bingwa wa wanawake wa 2013 wa Wimbledon, mashindano makubwa ya London yanayochezwa kwenye nyasi.

Yote hayo yalianzia kwa baba yake. Walter Bartoli alikuwa daktari huko Retournac, mji mdogo wa Haute-Loire, mbali kabisa na viwanja vya kifahari vya Paris. Hakuwa kocha, tenisi alijisomea mwenyewe, kama vile mtu anavyosomea ugonjwa asioujua. Mwaka 1992, Marion akiwa na miaka saba, Monica Seles alimfunga Steffi Graf katika fainali ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa yanayochezwa kwenye udongo, seti ya tatu ikifika 10-8. Seles alishika raketi kwa mikono miwili pande zote. Daktari akaamua kwamba binti yake naye atacheza hivyo hivyo.

Mazoezi yao yalikuwa ya usiku, baada ya kazi na shule, katika ukumbi mdogo ambao ukuta ulikaribia mno mstari wa nyuma. Hapa ndipo kocha yeyote anapaswa kutega sikio. Mtoto asiye na nafasi ya kurudi nyuma hujifunza kwenda mbele, apende asipende. Kile tulichokuja kukiona kwenye televisheni, ule ukaidi wa kusimama ndani ya uwanja na kuupiga mpira ungali chini, kilitengenezwa na ukuta. Baba akaongeza ya kwake: mipira ya tenisi iliyobandikwa viatuni kwenye visigino ili mtoto acheze kwa vidole vya miguu, na mikanda ya mpira inayovutika ya kumfunga kiunoni ili akimbie huku anavutwa. Watu walicheka. Hata alipokuwa tayari maarufu, waliopita kwenye uwanja wake wa mazoezi walisimama kushangaa.

Niseme kidogo kuhusu hiyo mikono miwili, maana wazazi huniuliza. Mama mmoja aliniletea mwanawe akaniambia, "Kocha, huyu anashika raketi kama mwiko wa ugali, mrekebishe." Nikamwambia tumwache kwanza. Ukishika kwa mikono miwili pande zote unapoteza urefu wa mkono: mpira ambao mwenye mkono mmoja angeufikia kwa kunyoosha tu, wewe lazima uongeze hatua moja. Ukivutwa pembeni unaumia. Bartoli alilipa deni hilo kwa miguu, na kwa raketi ndefu kuliko za wenzake wengi. Alichopata ni hiki: raketi hairudi nyuma sana kabla ya kupiga, kwa hiyo hachelewi, na mpinzani hajui mpira unakwenda wapi mpaka umeshaondoka. Kwenye nyasi, ambako mpira unateleza na kudunda chini, mwenye mapigo mafupi anakula. Kwa hiyo sikushangaa kwamba sifa yake kubwa aliipatia Wimbledon na si kwenye udongo wa nyumbani kwao, ingawa nako alifika nusu fainali mwaka 2011.

Ulimwengu ulimjua mwaka 2007. Nusu fainali ya Wimbledon alikutana na Justine Henin, namba moja wa dunia wakati huo, akafungwa 6-1 seti ya kwanza. Baadaye akasimulia kwamba alimwona Pierce Brosnan, yule mwigizaji, amekaa jukwaa la kifalme, akajiambia haiwezekani acheze vibaya namna hii mbele yake. Akashinda 7-5, 6-1. Venus Williams akammaliza kwenye fainali, 6-4, 6-1, na wengi wakaandika kwamba basi, ilikuwa safari ya mara moja.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka, na ya ugomvi. Shirikisho la tenisi la Ufaransa halikutaka wachezaji waje na makocha wao binafsi kwenye timu ya taifa. Marion hakutaka kwenda bila baba yake. Hakuna aliyelegeza. Matokeo yake, Olimpiki ya London 2012, ambayo tenisi yake ilichezwa Wimbledon kwenyewe, akaikosa akiwa miongoni mwa wachezaji kumi bora wa dunia. Binafsi naona pande zote mbili zilikuwa na kichwa kigumu, lakini shirikisho ndilo lililopoteza zaidi.

Mwanzoni mwa 2013 baba na binti wakakubaliana kutenganisha kazi na undugu. Walter akajiweka kando. Amélie Mauresmo, nahodha wa timu ya taifa na Mfaransa wa mwisho kabla yake kutwaa Wimbledon kwa wanawake, mwaka 2006, akamkaribisha kikosini na kumsaidia. Thomas Drouet akawa mwenzake wa mazoezi. Nadhani lilikuwa jambo gumu kuliko mechi yoyote aliyocheza, kumwambia mzazi aliyeacha udaktari kwa ajili yako kwamba sasa baba, kaa jukwaani.

Wimbledon ya mwaka huo ilikuwa vurugu tupu. Nadal, Federer, Sharapova, Azarenka, majina makubwa hayo yote nje katika siku tatu za mwanzo. Serena Williams akatolewa na Sabine Lisicki wa Ujerumani. Bartoli, aliyepangwa namba 15, akawa anapita tu. Robo fainali dhidi ya Sloane Stephens aliomba mchezo usimame kwa sababu ya manyunyu, watazamaji wakamzomea, akarudi akashinda. Nusu fainali akamfunga Kirsten Flipkens 6-1, 6-2.

Fainali ilikuwa Julai 6. Lisicki alikuwa kipenzi cha uwanja, lakini woga ulimkamata hadi machozi yakamtoka katikati ya mchezo. Mpaka 6-1, 5-1 ulikuwa upande mmoja. Hapo Lisicki akaokoa pointi tatu za ubingwa, akaanza kupiga bila kujali, ikawa 5-2, 5-3, 5-4. Uwanja mzima ukasimama upande wake. Mimi huwa nawaonyesha wanafunzi wangu gemu inayofuata. Bartoli anapiga sevu, sevu ile ile ya ajabu iliyochekwa miaka yote, na hapotezi hata pointi moja. Ya mwisho inagonga chaki ya mstari, Lisicki hajaigusa. Dakika 81 jumla. Hakupoteza seti hata moja katika mashindano yote, na yalikuwa mashindano makubwa ya 47 kushiriki. Hakuna mwanamke kabla yake aliyecheza mashindano makubwa mengi hivyo ndipo akapata taji lake la kwanza. Akapanda jukwaani akamkumbatia baba yake.

Siku hiyo hiyo mtangazaji mmoja mashuhuri wa BBC, John Inverdale, alisema redioni kwamba huenda baba yake alimwambia utotoni kuwa hatakuja kuwa mrembo. Aliomba radhi baadaye. Marion alijibu kwamba ni kweli yeye si mwenye nywele za dhahabu, na kwamba hakuwahi kuota mkataba wa uanamitindo. Aliota kushinda Wimbledon. Sina la kuongeza.

Kisha, Agosti 14, Cincinnati, baada ya kufungwa na Simona Halep, akaingia chumba cha waandishi wa habari usiku, akasema anaacha. Alikuwa na miaka 28, namba saba duniani, taji halijatimiza hata miezi miwili. Alilia. Bega, nyonga, mgongo, kano za kisigino, kila kitu kilikuwa kinauma, na akaeleza kwamba nguvu zilizobaki alizimalizia Wimbledon. Kuna walioona ni uoga wa kutetea taji. Mtu aliyepiga maelfu ya mipira kila wiki tangu utotoni, kwa mtindo unaodai hatua moja zaidi kwa kila mpira, anajua mwili wake kuliko sisi tuliokaa kwenye kochi. Alijaribu kurudi mwaka 2018, mwili ukakataa tena.

Wanaosema alibahatisha wana hoja moja: hakukutana na yeyote katika kumi bora mwaka ule. Sawa. Lakini 2011, kwenye nyasi zile zile, alimtoa Serena Williams seti mbili kwa bila, na Henin wa 2007 nimeshamtaja. Ukiwa na muda usianze na fainali ya ubingwa, Lisicki alikuwa hayupo sawa. Tafuta hiyo mechi ya Henin, anzia seti ya pili, na usitazame mpira. Tazama miguu ya Bartoli anaposubiri sevu, inavyozidi kusogea mbele.